Taa za LED za ziada kwenye pikapu: nichague zipi na nyaya nizipitishe vipi?

Dereva_Vumbi

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuongeza taa za LED kwenye pikapu ya dizeli. Umeme wake ni volti 12, taa za mbele ni halojeni za kawaida za H4. Barabara ninayoitumia usiku ni ya vumbi, haina taa, ina kona nyingi na mifugo inayokatiza. Mwendo ni kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Kwenye bampa kuna nafasi ya taa mbili, na juu ya paa kuna keria inayoweza kubeba baa ndefu ya taa.

Ninayotaka kujua ni haya. Nifunge taa mbili za bampa au baa ya paa? Naona nyingine zimeandikwa wati 300 na nyingine wati 60, halafu hizo za 60 ndizo nzito zaidi, sielewi kwa nini. Je, naweza kuchukua umeme moja kwa moja kwenye waya wa fulu, ili fulu ikiwaka na hizi ziwake? Waya uwe wa unene gani, na fyuzi ya ngapi? Taa za njano zinasaidia kweli kwenye vumbi? Na nizielekeze vipi ili nisimpofushe anayekuja mbele?

Vifaa nilivyonavyo ni multimita, spana, drili na plaizi ya kubania vichwa vya waya.

---

Luksi_Moja

Mkuu, anza na mwendo wako kabla ya kuangalia taa. Ukiwa kwenye 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki imeshakula mita 33, na kusimama kwenye changarawe kunakula kama 50 nyingine. Jumla ni mita 80 na ushee. Kwa hiyo ng'ombe unatakiwa umwone akiwa mita 100 hadi 150 mbele yako, na umwone akiwa bado pembeni, hajakanyaga barabara. Taa ya mwali mwembamba wa nyuzi 8 au 10, ile inayosifiwa kwa kufika kilomita nzima, inamulika katikati tu na kuacha vichaka vya pembeni gizani. Kwenye kona ndiyo kabisa, inamulika nje ya barabara. Wewe tafuta jozi ya mwali mchanganyiko: katikati pawe na nguvu ya kufika mbali, pembeni mwanga utawanyike vya kutosha kumulika kingo zote mbili za njia.

Kuhusu wati 300 dhidi ya 60: namba ya wati kwenye boksi mara nyingi ni hesabu ya chipu. Mtengenezaji anachukua chipu 30, kila moja ina uwezo wa juu wa wati 10, anazidisha, anaandika 300. Lakini ndani amezilisha wati 2 kila moja, kwa sababu akizilisha zote 10 boma la taa halitaweza kutoa joto na chipu zitaungua. Taa ya wati 60 za kweli inahitaji alumini ya kutosha mgongoni, ndiyo maana ni nzito. Uzito na mapezi ya kupozea nyuma ya taa vinakwambia mengi kuliko maandishi.

Namna ya kuhakiki: iwashe taa moja kwenye betri, soma ampea na volti kwa wakati mmoja, zidisha. Ampea 4.6 kwa volti 13 ni wati 60. Ukitumia multimita ya kuingiza katikati ya waya, weka kwenye tundu la 10A na upime taa moja tu, usije ukaunguza fyuzi ya ndani ya kipimo. Ukitumia kipimo cha kubana waya, hakikisha kinasoma umeme wa betri. Vingi vya bei ya chini vinasoma umeme wa nyumbani tu na vitakuonyesha sifuri. Kisha iache iwake nusu saa ikiwa imetulia, upime tena. Ikianguka kutoka ampea 4.6 hadi 3, maana yake imejipunguza yenyewe kwa sababu ya joto. Gari likitembea upepo utaisaidia, ila kushuka kiasi hicho ni dalili ya boma dogo.

Lumeni nazo zisikuchanganye. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, hata ule unaokwenda juu kwenye miti. Namba ya maana kwako ni umbali unaopata luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika pale unapomulika), nayo ina hesabu rahisi: umbali mara umbali ndio kandela, yaani nguvu ya mwali. Luksi 1 kwa mita 500 ni kandela 250,000. Lakini luksi 1 ni mwanga hafifu, mara chache tu ya mbalamwezi, humtambui mnyama mweusi kwa mwanga huo ukiwa kwenye mwendo. Chukua luksi 5 kama kipimo cha kuona vizuri. Gawa 250,000 kwa 5, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama mita 224. Taa ya luksi 1 kwa mita 250 inakupa mita 112 tu za kuona vizuri. Kwa mwendo wako, jozi yenye luksi 1 kati ya mita 400 na 500 inatosha kabisa. Pesa inayobaki iweke kwenye nyaya.

Baa ya paa mimi siishauri kwa barabara ya vumbi. Mwanga wake unaanzia juu ya macho yako, unagonga boneti na kukurudia usoni, na vumbi lote lililo mbele ya kioo linang'aa kama ukuta mweupe.

Mambo mengine ya kuangalia kwenye taa yenyewe: iwe IP67 kwenda juu (67 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa), na iwe na kipumulio, kile kitobo kidogo chenye utando nyuma ya boma. Taa ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia gasketi. Kipumulio ndicho kinachosawazisha hewa bila kuingiza maji. Bila kipumulio, hata gasketi nzuri inashindwa baada ya kuvuka mito kadhaa.

---

Mzee_wa_Nyaya

Luksi_Moja amemaliza upande wa taa, mimi nashika nyaya.

Kuchukua umeme moja kwa moja kwenye waya wa fulu: hapana. Balbu ya H4 kwenye fulu ni wati 60, mbili ni kama ampea 10. Waya wa kiwandani, swichi ya usukani na fyuzi vimepimwa kwa mzigo huo. Ukiongeza wati 120 umeudabali. Fyuzi ikikata wakati uko kwenye kona utabaki gizani na fulu yote. Mtu akiweka fyuzi kubwa ili isikate, plagi ya swichi ndiyo itayeyuka. Waya wa fulu utumie kama ishara tu ya kuamsha rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Koili ya rilei inakula kama ampea 0.15, gari hata halihisi.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Kwenye nguzo ya chanya ya betri funga kishika fyuzi kisichoingia maji, fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, isipite sentimita 20. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya; kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kikichubuka na kugusa bodi kinawaka moto. Kutoka kwenye fyuzi waya unaingia pini 30 ya rilei. Pini 87 inatoka kwenda kwenye taa. Pini 86 na 85 ni koili: moja inapata ishara ya fulu kupitia swichi ya dashibodi, nyingine inakwenda hasi. Rilei ya kawaida ya 12V 40A inatosha. Ifunge pini zikiangalia chini ili maji yasituame ndani. Kama ina pini 87a, usiunganishe kitu hapo: hiyo ina umeme wakati rilei imelala, taa zitawaka muda wote.

Unene wa waya. Taa mbili za wati 60 za kweli ni ampea 10 ukipiga kwa volti 12. Tuseme kutoka betri hadi taa ni mita 4, na kurudi mita 4. Waya wa 1 mm² unapoteza volti 1.4 njiani. Wa 2.5 mm² unapoteza kama 0.55. Wa 4 mm² unapoteza 0.34. Kwako 2.5 mm² inafaa, na ukifunga hasi kwenye bodi karibu na taa upotevu unapungua zaidi. Fyuzi 15A. Waya wa ishara na wa swichi 0.75 mm² inatosha. Kama kuna atakayesoma hapa mwenye baa ya wati 300 za kweli juu ya paa, huyo ana ampea 25: waya wa 6 mm² na fyuzi 30A.

Kitu kinachowachanganya wengi: LED yenye draiva nzuri (saketi ya ndani ya taa inayodhibiti umeme wa chipu) haififii volti zikishuka kama halojeni inavyofifia. Draiva inataka wati zake palepale, kwa hiyo volti zikipungua inavuta ampea zaidi, waya mwembamba unazidi kupata moto, volti zinazidi kushuka, mpaka draiva inajizima na kujiwasha. Hapo ndipo unapoona taa zinapepesa injini ikiwa sailensa na zinatulia ukikanyaga mafuta. Watu hubadilisha taa wakati tatizo ni waya au hasi mbovu.

Kabla hujanunua rilei na waya fanya kipimo kimoja, maana pikapu nyingi zenye H4 zinawashwa kwa upande wa hasi. Chomoa plagi ya balbu moja, iache nyingine mahali pake. Kidole cheusi cha multimita kwenye hasi ya betri, chekundu pitisha kwenye pini tatu za plagi, taa zikiwa zimewashwa, kwanza kwenye dimu kisha kwenye fulu. Niletee namba.

---

Njia_Panda

Kwenye vumbi weka njano tu mkuu, njano inapenya vumbi na ukungu, nyeupe haipenyi. Mengine utapoteza muda.

---

Luksi_Moja

Njia_Panda, njano ina faida yake lakini sababu siyo kupenya. Matone ya ukungu na chembe za vumbi la barabarani ni makubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na yanatawanya rangi zote karibu sawasawa. Faida ya njano ni kwamba ule mwanga unaokurudia hauchomi macho kama mweupe wenye ubluu wa kelvini 6000 na zaidi, kwa hiyo dereva anachoka polepole zaidi.

Kinachofanya kazi kweli kwenye vumbi na ukungu ni mahali na umbo. Taa ikae chini, na mwali uwe mpana wenye mstari mkali juu, mwanga usipande kabisa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 48, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inataka taa za ukungu za mbele ziwe angalau milimita 250 kutoka ardhini na zisizidi 800 kwa magari madogo na pikapu. Taa ya njano yenye mwali wa duara uliotawanyika, ikifungwa juu, itakupa ukuta wa njano badala ya mweupe.

Dereva_Vumbi, kwa taa kuu chagua kelvini 4000 hadi 5000. Rangi ya udongo, majani na ngozi ya mnyama inatofautiana vizuri zaidi kuliko kwenye 6500. Ukipata nafasi baadaye, ongeza jozi ndogo ya ukungu chini ya bampa, ya njano, yenye swichi na rilei yake peke yake. Hizo mbili zisiunganishwe pamoja: kwenye vumbi zito unataka ukungu ziwake na fulu izime.

---

Dereva_Vumbi

Asanteni sana. Mzee_wa_Nyaya, nimepima kama ulivyoelekeza, taa zikiwa zimewashwa na balbu ya upande wa pili ikiwa mahali pake. Pini ya pembeni inasoma 12.4 kwenye dimu na kwenye fulu pia. Pini ya fulu inasoma 12.3 nikiwa kwenye dimu, halafu inaanguka hadi 0.1 nikiweka fulu. Pini ya dimu inafanya kinyume chake. Nikizima taa zote, pini zote zinakufa.

---

Mzee_wa_Nyaya

Vizuri, hilo ni jibu kamili. Gari lako linawashwa kwa hasi. Pini inayobaki 12.4 ni chanya ya pamoja. Pini ya fulu inaposhuka hadi 0.1 ndipo gari linapoipa njia ya hasi. Ile 12.3 unayoiona kwenye dimu ni chanya inayopita kwenye uzi wa balbu ya upande wa pili, si chanya inayoletwa na swichi. Mtu akiiona anaweza kudhani amepata waya wa ishara, akafunga rilei kwa mpangilio wa kawaida, matokeo yake taa za ziada zinawaka kwenye dimu na kuzima kwenye fulu.

Kwako iwe hivi. Chanya ya pamoja ya plagi ya H4 iende kwenye swichi ya dashibodi, itoke kwenye swichi iingie pini 86. Pini 85 iende kwenye waya wa fulu, ule ulioanguka hadi 0.1. Ukiwa kwenye dimu, pande zote za koili zina chanya, hakuna kinachopita, rilei inalala. Ukiweka fulu, 85 inapata hasi na rilei inavuta. Ukizima taa zote, chanya nayo inakufa. Zingatia upande wa 86 na 85 kama rilei yako ina dayodi ndani: 86 lazima iwe chanya, ukigeuza dayodi inaungua na fyuzi inakata. Rilei yenye rezista badala ya dayodi haijali upande.

Sasa kuna mtego kwenye swichi yenyewe. Swichi nyingi zina kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba imewashwa, na mguu wake wa hasi watu wanaufunga kwenye bodi. Kwenye gari kama lako, ukiwa kwenye dimu na swichi ikiwa imezimwa, chanya itapita kwenye uzi wa balbu ya fulu, iingie 85, ipite kwenye koili, itoke 86 na kwenda kwenye kile kitaa hadi bodi. Kitaa kitawaka wakati swichi imezimwa. Mkondo huo ni mdogo mno kuvuta rilei, lakini utahangaika kutafuta hitilafu isiyokuwepo. Dawa yake: mguu wa hasi wa kitaa usiuweke kwenye bodi, uunganishe na waya uleule wa fulu unaokwenda 85.

Na kama una mpango wa kubadilisha balbu za H4 kuwa za LED, maliza hilo kwanza ndipo upime upya. Balbu ya LED haina uzi, namba zitabadilika.

Kwa wenye magari mapya watakaosoma hapa: msiguse waya wa fulu kabla ya kupima. Baadhi ya magari yanawasha fulu kwa nguvu ndogo iwe taa ya mchana, umeme unakuja kwa mapigo, na rilei inatetemeka mpaka inakufa. Hayo yanahitaji kisoma mtandao wa gari chenye waya maalumu wa ishara ya fulu. Na kama nguzo ya hasi ya betri ina kihisi kilichofungwa juu yake, hasi za taa zifungwe kwenye bodi, zisifungwe kwenye nguzo yenyewe. Zikifungwa kwenye nguzo kihisi hakihesabu umeme huo, na kompyuta inakosea hali ya betri.

---

Karakana_Wazi

Niongeze upande wa kufunga, maana ndipo kazi nzuri ya nyaya inapoharibika.

Chomoa hasi ya betri kabla ya chochote. Kabla ya kutoboa bampa, shikilia taa mahali pake na uangalie mambo matatu: isizibe njia ya hewa ya rejeta au intakula, isikae mbele ya kihisi cha maegesho au rada, na nafasi ya nyuma ya taa ipitishe upepo wa kupoza mapezi. Bampa la bati jembamba litatetemeka, na mwanga utacheza barabarani mpaka macho yaume. Weka kipande cha chuma cha milimita 4 au 5 nyuma yake, bolti M8 au M10 kulingana na mguu wa taa, pete bapa pana (washa) pande zote mbili, na nati yenye nailoni ndani. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikiingia moja kwa moja kwenye alumini inaila alumini, hasa pwani na kwenye chumvi, hivyo paka grisi ya kuzuia kushikamana. Anayefunga baa ndefu inayozidi mita moja aweke mguu wa katikati. Miguu miwili ya mwisho peke yake haiizuii kucheza.

Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na manifoldi na turbo, mbali na feni na mkanda. Kwenye ukuta wa kuingilia ndani ya kabini tumia mpira uliopo wa kiwandani, toboa kitundu kidogo kwa kitu chenye ncha na upitishe waya mwembamba wa swichi tu. Usipitishe kwenye bati tupu. Waya mnene wa taa hauna sababu ya kuingia kabini. Kabla ya kuingia kwenye taa au kwenye ukuta, waya ushuke kwanza kidogo halafu upande, ili maji yadondoke kwenye mkunjo na yasifuate waya mpaka ndani.

Viungio: bana, usichomelee kwa risasi. Risasi inanyonywa ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapokatia. Bana kwa plaizi ya saizi sahihi, kisha uvute kwa nguvu, kikichomoka, hakikubanwa. Juu yake weka mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani. Kwenye taa weka plagi zisizopitisha maji. Zile za Deutsch DT ni nzuri, pini zake zinabeba ampea 13, kwa hiyo plagi moja kwa kila taa, usipitishe baa kubwa kwenye pini moja. Viungio vile vya kuchoma waya juu kwa juu bila kuumenya visitumike mahali penye maji: vinakata baadhi ya nyuzi na kuacha nyingine zioze.

Hasi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, upana kama wa sarafu, weka kichwa cha waya na washa yenye meno, kaza, halafu paka rangi au grisi juu yake baada ya kukaza. Hasi ya bampa usiiamini, bampa mara nyingi limekaa juu ya raba na rangi. Nenda kwenye chesisi.

Kuelekeza. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sahihi, na mzigo unaobeba kwa kawaida ukiwemo. Pima kimo cha katikati ya kila taa kutoka ardhini, weka tepu ukutani kwa kimo hicho, na tepu ya wima mbele ya kila taa. Funika taa moja kwa kitambaa, washa nyingine. Kitovu cha mwanga kiwe sentimita 5 hadi 10 chini ya tepu ya kimo na kwenye tepu yake ya wima, usizielekeze zikakutana katikati. Taa za ukungu mstari wake wa juu uwe sentimita 20 chini. Mzigo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: nyuma ikizama kiasi cha pua kuinuka nyuzi 1 tu, kwa mita 100 mwanga umepanda mita 1.75, yaani umefika machoni pa dereva wa lori.

Pia usizielekeze chini sana ili kuona tairi zako. Mwanga mwingi mbele ya bampa unabana mboni ya jicho, na mbali panaonekana peusi zaidi kuliko kabla ya kufunga taa.

---

Luksi_Moja

Nyongeza kuhusu sheria, kwa sababu Dereva_Vumbi ameuliza kuhusu kupofusha. Taa za mbali lazima zizime pamoja na fulu, na mpangilio wa rilei alioutoa Mzee unafanya hivyo bila wewe kukumbuka. Kanuni nambari 48 inaweka kikomo cha kandela 430,000 kwa fulu zote zinazowaka kwa pamoja, sawa na namba ya rejea 100 (namba inayoonyesha nguvu ya fulu). Taa yenye alama ya E ndani ya duara huwa na namba hiyo kwenye lenzi. Jumlisha: taa mbili za ziada za 37.5 ni 75, zinabaki 25 kwa taa za gari, yaani 12.5 kila upande. Taa isiyo na alama ya E wala ya SAE (viwango vya Marekani) imetengenezwa kwa matumizi ya nje ya barabara, na sehemu nyingi inatakiwa izimwe au ifunikwe ukiwa barabarani. Soma kanuni za nchi yako kuhusu idadi na kimo, zinatofautiana.

---

Dereva_Vumbi

Nimeelewa, wakuu, Mungu awabariki. La mwisho: nikishamaliza kufunga, nipime nini ili nijue kazi imekaa sawa?

---

Mzee_wa_Nyaya

Pima upotevu wa volti, taa zikiwaka na injini ikifanya kazi. Multimita kwenye volti, kidole kimoja kwenye chanya ya betri na kingine kwenye chanya ya plagi ya taa: isizidi 0.4. Kisha hasi ya betri na hasi ya plagi ya taa: isizidi 0.2. Ukipata 0.5 upande wa hasi, rudi kwenye ile sehemu uliyokwangua rangi, tatizo liko hapo karibu kila mara. Ukipata zaidi upande wa chanya, pima kipande kwa kipande: juu ya fyuzi, kati ya 30 na 87, kisha kwenye plagi. Kila kimoja kinatakiwa kiwe chini ya 0.1.

Ziache ziwake robo saa, kisha gusa kishika fyuzi na soketi ya rilei. Vuguvugu ni sawa. Kama hukiwezi kukishika, pini imelegea ndani na plastiki itayeyuka hata kama fyuzi haijakata.

Washa redio, tafuta kituo kinachosikika kwa shida, halafu washa na kuzima taa. Mkwaruzo ukiingia, draiva inatoa kelele. Sogeza nyaya mbali na waya wa antena, na weka pete ya feraiti kwenye nyaya mbili za taa kwa pamoja, sentimita chache kutoka kwenye boma. Mkwaruzo usipopungua, taa yenyewe haina kichujio ndani, hapo ibadilishe.

Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kaza tena bolti za miguu ya taa, kisha rudi ukutani uangalie kama kitovu bado kiko chini ya tepu.